Majua Matatu, Majua Ishirini

Nimezaliwa na kukulia Tunduma, na sisi wa Tunduma hatukufundishwa kunong'ona. Mama yangu aliuza vitenge karibu kabisa na mpaka, akivutana bei na Wazambia kwa Kibemba cha kuokoteza, na mimi nikiwa pembeni yake nilijifunza mapema kwamba anayesema kwa uhakika ndiye anayesikilizwa. Ndiyo maana niliposomea ualimu wa fizikia nikapangiwa shule moja ya kata upande wa Iyula, kwenye kahawa na mahindi ya Mbozi, sikuingia darasani kwa woga. Niliingia kama mtu anayekwenda kufungua duka lake mwenyewe.

Nasema haya mapema nisije nikaonekana najifanya mnyenyekevu. Najua ninachokifundisha na ninakipenda, na mwalimu anayefundisha kitu asichokipenda simwelewi hata kidogo. Hata hivyo, mwaka mmoja nilibakiza kidogo tu kulipoteza darasa langu la fizikia kwa sababu ya namba mbili nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe. Na namba zote mbili zilikuwa sahihi.

Darasa lenyewe lilikuwa dogo. Mwanafunzi akifika kidato cha tatu anaruhusiwa kuiacha fizikia, na wengi huikimbia bila hata kugeuka nyuma. Mwaka ule walibaki kumi na mmoja. Mwezi wa sita mkuu wa shule, mtu mpole asiyependa kugombana na yeyote, aliniita ofisini akanieleza kwamba walimu wa hesabu wamepungua na hawezi kuniacha nimalizie vipindi vyote vile kwa wanafunzi wachache. Akaweka mpaka wake. Wakishuka chini ya kumi, fizikia ya kidato cha tatu inafungwa, watoto wanahamishiwa masomo mengine, na mimi nahamia kwenye hesabu. Orodha ya mwisho ingepelekwa wilayani mwisho wa mwezi wa saba. Nikamwambia asiwe na shaka, hawatashuka.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa akiba, lakini sikulala macho kwa hilo.

Kati ya wale kumi na mmoja alikuwepo binti mmoja wa mkulima wa kahawa, mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mdogo uliobanana kama anayebania karatasi. Huyo ndiye aliyeniuliza siku moja, tukiwa kwenye somo la nguvu ya uvutano, nyota inatakiwa iwe na uzito kiasi gani ili iwe shimo jeusi. Swali halikuwa kwenye mtaala. Mimi maswali ya namna hiyo siyaachi yapite.

Nikawaeleza kwamba nyota maisha yake yote inavutana na nafsi yake. Uzito wake unaivuta iingie ndani, na joto la moto wake wa katikati linaisukuma itoke nje, na vikilingana nguvu nyota inatulia, kama jua letu lilivyotulia. Siku moto unapokwisha, kinachosukuma nje kinakosekana, na uzito unabaki peke yake uwanjani. Kiini kikiwa chepesi kinashindiliwa hadi mahali fulani kisha kinagoma. Kikiwa kizito zaidi kinashindiliwa zaidi, hadi kuwa kitu kigumu kupita akili, nacho kinagoma. Lakini kiini kilichobaki kikizidi kiasi fulani, hakuna kitu chochote tunachokijua chenye ubavu wa kukizuia. Kinaporomokea ndani mpaka hata mwanga ukiwa humo hautoki. Nikaandika ubaoni: majua matatu. Yaani kilichobaki kiwe na uzito wa kama majua matatu yetu. Binti akaandika kwenye daftari lake, na mimi nikaendelea na somo.

Wiki chache baadaye kikaja kikao cha wazazi. Nikaona huo ndio wakati wa kuitangaza fizikia, maana wazazi wengi walikuwa wakiwaambia watoto wao ni somo la kujitesa bure. Nikachukua karatasi kubwa ya manila, nikachora nyota, nikachora shimo, na chini yake nikaandika kwa maandishi ya kusomeka toka mlangoni: Nyota yenye uzito wa majua ishirini au zaidi huishia kuwa shimo jeusi. Kitabuni wanaita tungamo, lakini mimi niliandika uzito, kwa sababu uzito kila mtu anaujua. Nikaibandika ukutani ndani ya bwalo nikajipongeza.

Ilikuwa katikati ya msimu wa kahawa. Wazazi walikuja na haraka zao, mikono ina weusi wa utomvu wa kahawa, kila mmoja akifikiria alichokiacha nyumbani. Mkuu akasema yake, mwalimu wa taaluma akasema yake, kisha nikapewa dakika tano. Nilizitumia vizuri. Niliwaambia watoto wao wanaweza kujua mambo ya nyota zilizo mbali kuliko safari yoyote, wakiwa hapa hapa Iyula. Walinisikiliza. Nilikuwa nakaribia kukaa aliposimama mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti la suti lililopauka mabegani, kofia kaishika mkononi. Alikuwa baba wa yule binti. Alikuwa amelishika na daftari la binti yake.

Hakuharakisha. Kiswahili chake kilitembea taratibu, kwa lafudhi ya Kinyiha inayobonyeza maneno mwishoni.

"Mwalimu," alisema, "daftari la mwanangu linasema majua matatu. Ukuta wako unasema majua ishirini. Kilo yenyewe ni ipi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Swali lilikuwa zuri, na jibu lake nilikuwa nalo mdomoni. Ila niliona muda wangu umekwisha, nikaona watu wanacheka cheka, na kile kiburi changu cha sokoni kikatangulia mbele. Nikamjibu kwamba namba zote mbili ni sahihi, ni mambo ya kitaalamu, na mtoto akisoma ataelewa.

Vicheko vikakatika. Si kwamba walinuna. Walitulia tu, kila mmoja akimtazama mwenzake, na yule baba akaliweka daftari mfukoni mwa koti, akavaa kofia yake na kutoka nje kabla kikao hakijafungwa. Kesho yake asubuhi binti alikwenda kwa mwalimu wa taaluma akaomba jina lake liondolewe fizikia. Kabla ya saa sita wakafuata wengine wawili. Nikabaki na wanane.

Sikuelewa kilichonipata. Nilikasirika, tena vibaya. Nilimwambia mpishi wa shule, mama mmoja mwenyeji wa pale, kwamba watu wa huku ni wagumu, wanamwondoa mtoto mwenye akili kama yule kwa sababu ya karatasi ya manila. Mama yule aliendelea kuchambua maharage yake, kisha akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Miaka ya nyuma alipita mnunuzi mmoja wa kahawa, wa kutoka mbali. Mkulima alipima nyumbani kwake, akafika kwa mnunuzi mzani ukasema pungufu. Walipomuuliza, jibu lake kila siku lilikuwa moja: mizani yote ni sahihi, ni mambo ya kitaalamu. Tangu hapo kila nyumba upande ule ina mzani wake wa kuning'iniza, na hakuna gunia linalotoka mlangoni kabla halijapimwa. Mtu mwenye namba mbili kwa kitu kimoja hapewi nafasi ya kueleza. Halafu, akaongeza bila kuniangalia, wewe unatoka Tunduma, kwa wachuuzi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimewajibu kwa maneno yale yale, moja baada ya jingine.

Jumamosi nikaenda nyumbani kwa yule baba. Sitaki kudanganya kwamba nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kumweleza mpaka aelewe, na kama ingebidi kubishana nilikuwa tayari. Niliwakuta wote wako kazini. Mama alikuwa akichagua kahawa mbivu, akitupa pembeni zile za kijani. Binti alikuwa akizungusha mashine ya kumenyea, maganda mekundu yakimwagika upande mmoja na mbegu zenye utelezi zikiangukia kwenye ndoo ya maji upande wa pili. Alinisalimia shikamoo yake vizuri, akarudisha macho kwenye mashine. Baba akanipa kigoda. Tukaulizana habari za nyumbani, za kazi, za mvua, kama inavyotakiwa, na hakuna aliyegusa habari ya nyota.

Ili nisikae kimya nikamuuliza mwaka huu wamepata kiasi gani. Akanitajia kilo. Nikatazama lundo la kahawa lililokuwa mbele yangu, nikatazama na magunia yaliyosubiri, nikamwambia mbona hizi hapa peke yake zinazidi kilo alizotaja. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyeulizia njia akiwa juu yake.

"Hizi ni mbichi," alisema. "Nani anahesabu maganda?"

Mkewe akacheka. Binti naye akacheka, kwa mara ya kwanza.

Nikakaa na jibu hilo. Pale Mbozi ukimuuliza mtu amevuna kiasi gani, hakutajii alichochuma mtini. Anakutajia kile kitakachobaki kikishamenywa, kikalowekwa, kikaoshwa na kukauka juu ya kichanja. Kilo kama tano za kahawa mbivu zinampa kilo moja kavu, na hiyo moja ndiyo anayoiita kahawa yake. Kwake yeye kitu kina uzito mmoja tu, ule wa mwisho. Ndipo nikaona jinsi ukuta wangu ulivyomsomekea. Nilikuwa nimepima nyota mbichi ukutani na nyota kavu kwenye daftari, na sikumwambia ipi ni ipi.

Nikasimama kwa furaha bila kujua nimesimama. Nikamwambia nyota nayo ina maganda. Inazaliwa ikiwa na uzito wa kama majua ishirini, lakini huo ni uzito wa mtini. Inapokwisha moto, sehemu kubwa yake inapasuka na kutupwa nje kwa kishindo kisicho na mfano. Kinachobaki katikati ni kidogo. Kikifika kama majua matatu, basi, hakishikiki tena. Ishirini ni mbichi. Tatu ni kavu.

Mzee akauliza hayo maganda ya nyota yanakwenda wapi. Nikamjibu yanasambaa angani, na baada ya muda mrefu sana yanatengeneza nyota nyingine na ardhi nyingine. Hata chuma cha ile mashine anayozungusha mwanawe kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa zamani. Akatazama lundo la maganda mekundu nyuma ya mashine, ambalo jioni lingepelekwa kuwekwa mbolea kwenye migomba, akasema kumbe na huko juu wanarudisha shambani.

Akaniuliza tena kama ardhi hii tunayoikanyaga nayo inaweza kuwa shimo jeusi. Nikamwambia yenyewe kwa yenyewe haiwezi, ni nyepesi mno, haina uzito wa kujishindilia. Lakini hesabu haimbagui mtu. Kitu chochote, hata kiwe na uzito gani, ukiweza kukibana vya kutosha kinafika huko. Jua letu lingebidi libanwe liwe mduara ambao mtu anauvuka kwa miguu kwa saa moja na kitu. Na dunia nzima, milima yote, bahari zote, Mbozi na Ileje na Zambia yote ndani yake, nikainama nikaokota kahawa moja mbivu, ingebidi ibanwe iwe kama hii, labda imezidi kidogo tu. Nikamwekea kiganjani. Aliitazama kahawa ile kwa muda mrefu, akaigeuza kwa kidole gumba, kisha akaiangushia kwenye mashine pamoja na nyingine, maana haikuwa ya kupoteza.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe hata nusu ya njia sijafika. Mzee alisema maneno yangu ni mazuri, ila hata yule mnunuzi alikuwa na maneno mazuri. Nami nikiwa nimeshapandisha damu nikamwambia basi tupime. Anipe kilo thelathini za kahawa yake mbivu, apime kwa mzani wake, zimenywe na kukaushwa shuleni machoni pa kila mtu, na wazazi waje waone namba mbili za kitu kimoja zikiwa za kweli zote mbili. Nikamwambia na jibu nalijua kabisa. Thelathini mbichi zitatoa sita kavu. Akaniuliza kama nina hakika ni sita. Nikamwambia sita.

Zilibaki kama wiki mbili na nusu orodha ifungwe. Jumatatu akaja na magunia mawili na mzani wake, akautundika kwenye boriti la banda la jiko, na kahawa ikapimwa mbele ya darasa na wazazi waliopita pale. Kilo thelathini juu ya alama. Nikaiandika kwenye ile manila yangu. Wanafunzi wangu wanane walimenya kwa mashine ya kuazima, wakaloweka, wakaosha mara tatu, wakaanika kwenye kichanja tulichokitengeneza kwa miti na wavu. Mimi mtoto wa vitenge nilijifunza kugeuza kahawa kwa kiganja na kuifunika jioni isipigwe na umande. Yule binti alipita mara kadhaa mbali mbali, akitazama kichanja, hakusogea.

Nilichosahau ni mwezi wa saba wa Mbozi. Ukungu ulishuka tangu siku ya nne na haukuondoka. Saa nne asubuhi bado ulikuwa umekaa juu ya miti ya kahawa, na jua likija lilikuja kama mtu aliyeitwa kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia wazazi siku ya kupima, na siku ilipofika sikuwa na ubavu wa kuiahirisha. Walikuja wengi kuliko waliokuja kwenye kikao. Tukatia kahawa kwenye gunia, tukalitundika, na mshale ukasimama kwenye saba na nusu.

Watu wakaanza kuguna. Mtu mmoja nyuma akasema hiyo sasa ni namba ya tatu. Akili yangu yote ikakimbilia kutafuta maneno. Nilikuwa nayo, naapa. Ningesema saba na nusu haiko mbali na sita, ningesema kila kahawa ina tabia yake, na kwa sauti yangu ile wangekubali nusu yao, na nusu ingenitosha. Nikafungua mdomo.

Kabla sijatoa neno yule baba alisogea, akatia mkono kwenye gunia, akatoa mbegu moja akaimenya kwa kucha na kuiuma kwa meno ya mbele. Akaitoa mdomoni, akaitazama alama ya meno.

"Haijakauka," alisema, akiwageukia watu, si mimi. "Hiyo si kilo yake. Msimhukumu mtu kwa kahawa yenye maji."

Hakuwa ananitetea. Alikuwa hawezi kuvumilia namba ya uongo isimame, hata kama uongo wenyewe ungemsaidia yeye. Nilimheshimu dakika ile kuliko nilivyomheshimu mtu yeyote kwa miaka mingi, na nilijionea haya, kwa sababu mimi nilikuwa tayari kuivumilia. Akasema irudishwe kichanjani siku nne, jua likikubali. Siku ya nne ndiyo iliyokuwa mkesha wa kupeleka orodha.

Jua lilikubali kwa shida. Siku ya nne aliiuma tena, ikagoma kuingia jino, akatikisa kichwa kukubali. Wazazi walikuwa wachache safari hii, pengine kumi na watano. Tukatundika. Mshale ukasimama chini kidogo ya sita. Tukasogea wote kuusoma: tano na gramu mia nane.

Nilikuwa nimesema sita, na kwa sauti kubwa. Nikawaambia hivyo hivyo. Niliwaambia mwalimu wenu alitaja sita kana kwamba ameshaiona, na hakuwa ameiona. Kulikuwa na mbegu nyepesi zilizoelea tukazitupa na maji, kulikuwa na zilizooza, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema mapema ni ngapi. Kisha nikaenda kwenye ile manila. Nikawaambia nyota nayo iko hivyo. Kabla haijapasuka inakuwa imeshapeperusha sehemu ya uzito wake angani, nyingine sana, nyingine kidogo, na wataalamu wanaposema ishirini wengine wanasema ishirini na tano, na ziko nyota zinazokwenda kinyume na wote wawili. Nikachukua kalamu nikaandika neno "kama" mbele ya ishirini, nikaandika mbichi pembeni. Chini nikaandika: kinachobaki, kavu, kama majua matatu. Hayo ndiyo maandishi yaliyotakiwa kuwepo tangu mwanzo.

Mzazi wa mmoja kati ya wale wawili waliomfuata binti siku ile alikuja akaniambia mwanawe atarudi. Mwingine alishamwingiza wa kwake kwenye masomo ya biashara na alikuwa ametulia huko. Nikawa na tisa. Yule baba aliushusha mzani wake kwenye boriti, akaufunga kwenye kitambaa, akapakia kahawa yake kwenye baiskeli na kuondoka. Hakusema lolote kuhusu binti yake, nami nilijizuia kumuuliza, ingawa kujizuia si kazi yangu.

Asubuhi yake nilikaa ofisini kwa mkuu tukiwa na orodha mezani. Aliniangalia kwa huruma. Alisema tisa si kumi, na kama mimi ni mtu wa namba nitamwelewa. Nilimwelewa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ratiba ya hesabu za kidato cha kwanza wakati mlango ulipogongwa wakaingia baba na binti. Binti alikuwa na sare iliyopigwa pasi. Baba alivua kofia, akakataa kiti.

Akamwambia mkuu amwandike mtoto fizikia. Mkuu akaandika, na nikaiona kalamu ikimaliza jina la kumi. Kisha mzee akanigeukia mimi.

"Kahawa niliipima mwenyewe," alisema. "Nyota sina mzani wake. Huyu atakuwa anarudi nyumbani na namba ambazo mimi siwezi kuzipima tena. Kwa hiyo mwalimu, pale usipojua, mwambie hujui."

Mtu ambaye hakuwahi kutoa gunia mlangoni bila kulipima alikuwa ananikabidhi mtoto bila mzani wowote. Nikasema nitamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaenda kwenye kahawa yake.

Siku ile ile, kipindi cha pili, darasa lilikuwa na watu kumi. Binti alikaa mbele. Sikuwa hata nimefika katikati ya somo aliponyoosha mkono akauliza ile "kama majua matatu" maana yake nini hasa. Ni tatu kamili, au ni mbili na nusu, au ni mbili na kidogo. Ni wapi kabisa kiini cha nyota kinaposhindwa kujizuia. Wenzake wakanitazama, wakingoja nifanye kama ninavyofanya siku zote.

Nikaweka chaki mezani. Nikamwambia sijui. Nikamwambia wanaokesha na hesabu hizo dunia nzima wanajua kwamba ni mahali fulani kati ya mbili na tatu, na wapi hasa, hakuna hata mmoja anayejua bado. Alinitazama kidogo kuhakikisha nimemaliza, kisha akainama na kuandika kwa mwandiko wake ule mdogo, polepole, neno kwa neno, kwenye daftari ambalo baba yake angelisoma jioni.